Hitilafu za Pikipiki ya Safari Baada ya Kuongeza Vifaa: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kupima

Anayejiandaa kwa safari ndefu ya pikipiki, tuseme kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya au kutoka Nairobi hadi Loiyangalani, mara nyingi huongeza vitu kadhaa kwa mpigo: taa za ukungu, kichaji cha simu, mikono ya usukani yenye joto, kifaa cha kufuatilia pikipiki, kioo cha kukinga upepo na masanduku ya mizigo. Baada ya siku chache hitilafu huanza, na lawama huangukia kifaa kilichofungwa mwisho. Katika karakana, hata hivyo, kifaa chenyewe mara nyingi hukutwa kizima, na kasoro huwa njiani kati yake na betri: kiungo kilicholegea, erthi iliyofungwa juu ya rangi, waya mwembamba kuliko mzigo, au hesabu ya umeme ambayo haikufanywa kabla ya kununua. Ndiyo maana kila hatua iliyoelezwa hapa inamtaka mwenye pikipiki apime kwanza, na afikirie kununua kifaa kingine baadaye.

Vifaa vya kupimia si vingi. Multimita ya bei nafuu inatosha, pamoja na mchoro wa nyaya wa pikipiki yako, ambao kwa kawaida umo katika kitabu cha matengenezo cha modeli husika. Jaribio la kwanza ni moja kwa dalili zote za umeme: chomoa fyuzi za vifaa vyote vya ziada, kisha tazama kama hitilafu inabaki. Ikibaki, tatizo ni la pikipiki yenyewe na vifaa havihusiki. Ikitoweka, rudisha fyuzi mojamoja na kuipa kila moja muda wa kutosha, hadi dalili irejee. Iwapo vifaa vyako havina fyuzi zake binafsi za kuchomoa, basi umeshakuta kosa la kwanza, na inafaa ulirekebishe kabla ya kusoma zaidi.

Pikipiki ilizimwa jioni ikiwa nzima, asubuhi stata haizunguki

Pima betri kabla ya kuichaji. Betri ya volti 12 ya asidi iliyojaa, baada ya kupumzika saa kadhaa, huonyesha kati ya volti 12.6 na 12.8. Ikionyesha karibu 12.4, imepungua kwa takribani robo; ikishuka hadi 12.0 au chini yake, iko karibu na kuisha. Ichaji hadi ijae, iache ipumzike, halafu bonyeza stata huku ukitazama multimita. Betri nzima hushuka kwa muda mfupi lakini hubaki juu ya volti 10 hivi. Ikianguka hadi 8 au 9 ilhali ilikuwa imejaa, betri imechoka na hakuna kifaa cha kulaumiwa.

Betri ikionekana nzima, tafuta umeme unaovuja wakati pikipiki imezimwa. Zima ufunguo, fungua waya hasi wa betri, weka multimita kwenye kipimo cha ampea 10, kisha iunge kati ya waya huo na nguzo hasi ya betri. Katika hali hiyo usiwashe ufunguo wala usiguse stata, kwa sababu mkondo wa stata utaunguza fyuzi ya multimita au multimita nzima. Pikipiki isiyo na nyongeza hutumia miliampea chache tu ikiwa imezimwa, na zile za zamani zisizo na saa wala kengele ya wizi karibu hazitumii chochote. Ukiona miliampea 50, hesabu yake ni nyepesi: betri ya Ah 5 (ampea-saa 5) itakauka kabisa kwa muda wa saa 100, yaani siku nne, na itashindwa kuzungusha stata mapema zaidi ya hapo.

Wavujaji wa kawaida ni wawili. Wa kwanza ni kichaji cha simu kilichounganishwa moja kwa moja na betri, kile chenye taa ndogo ya buluu inayowaka usiku kucha. Hata kama hakuna simu iliyochomekwa, saketi yake ya kushusha volti inaendelea kufanya kazi. Wa pili ni kifaa cha kufuatilia pikipiki, ambacho pikipiki nyingi zilizonunuliwa kwa mkopo huwa nacho na mara nyingine mwenye pikipiki hata hajui kimefichwa wapi. Kifaa cha namna hii kinahitaji umeme wakati wote, na kikiwa mahali pasipo mtandao wa simu hutumia umeme mwingi zaidi kwa kuutafuta. Kama pikipiki inakaa wiki nzima bila kutembea, dawa yake ni kuichaji betri mara kwa mara. Kifaa kilichowekwa na mkopeshaji usikikate bila kuwasiliana naye.

Kwa vifaa vingine vyote dawa ni rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Mguu nambari 30 hupokea umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 hupeleka umeme kwenye kifaa, 85 huenda erthi, na 86 huungwa kwenye waya ambao hupata umeme pale tu ufunguo unapowashwa, kwa mfano waya wa taa ndogo ya nyuma. Kazi ya waya huo ni kuamsha rilei tu, jambo linalohitaji sehemu ndogo ya ampea moja, kwa hiyo nyaya za asili za pikipiki hazibebi mzigo mpya. Mafundi wengi huiruka rilei kwa sababu mwenye pikipiki hataki kulipia kipande ambacho haonyeshwi faida yake, na mimi naona ndicho kipande chenye thamani kubwa kuliko vyote katika kazi hii.

Betri inaisha huku injini inafanya kazi

Dalili hii humpata msafiri akiwa mbali na msaada: taa hufifia polepole, indiketa huanza kuvuta, kisha injini huzimika na kukataa kuwaka tena. Chanzo ni kimoja kati ya viwili, na havifanani hata kidogo. Ama mfumo wa kuchaji umeharibika, ama ni mzima lakini umebebeshwa kuliko uwezo wake.

Ili kuvitenganisha, weka multimita kwenye nguzo za betri, washa injini, na zima kila kifaa cha ziada. Katika mizunguko 4,000 hivi kwa dakika unapaswa kuona kati ya volti 13.8 na 14.5. Baada ya kuandika kipimo hicho, washa vifaa vyote kwa pamoja na upime tena, kwanza katika mizunguko hiyohiyo, halafu injini ikiwa imetulia bila ekseleta. Ikiwa kipimo cha kwanza kilikuwa sahihi na cha pili kimeshuka chini ya volti 13, mfumo wako ni mzima, ila wewe unaidai pikipiki umeme ambao haina. Ikiwa hata bila vifaa hupati zaidi ya 12.8, kasoro iko kwenye koili ya chaji inayozalisha umeme, regulata inayodhibiti volti zake, au viungo vilivyo kati yao. Na ukiona zaidi ya volti 15, regulata haidhibiti tena: zima injini na usiendelee na safari, kwa kuwa umeme wa namna hiyo huchemsha betri na kuua vichaji, taa za LED na hata kompyuta ya injini.

Hesabu ya mzigo ingefaa ifanyike dukani kabla ya kulipa. Pikipiki ndogo za cc 125 au 150 tunazoziona kila siku huzalisha kwa jumla wati mia moja na ushei, na nyingine hazifiki hapo. Kati ya hizo, taa kubwa huchukua 35, taa ya breki huchukua hadi 21 inapowaka, na mfumo wa kuwasha mafuta una sehemu yake. Kinachobaki kinatosha kichaji cha simu cha wati 10 na pengine jozi ya taa ndogo za LED. Hakitoshi kubeba taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja. Kwa upande mwingine, pikipiki kubwa ya safari kama BMW R 1250 GS ina jenereta ya takribani wati 500, na mwenye nayo anaweza kuvaa koti lenye joto, kuwasha mikono ya usukani, taa za ukungu na ramani bila wasiwasi. Mikono yenye joto hula kati ya wati 30 na 50. Thamani yake huonekana alfajiri ya Njombe au Limuru, lakini kwa pikipiki ndogo ni mzigo wa kufikiriwa mara mbili.

Kumbuka pia kwamba wati zilizoandikwa kwenye kitabu hupatikana injini inapozunguka kwa kasi. Ikiwa imetulia, pikipiki nyingi huzalisha nusu yake au pungufu. Ndiyo sababu msafiri anaweza kuvuka tambarare ya Mikumi bila tatizo lolote, kisha betri ikaanza kushuka kwenye mlima Kitonga akiwa nyuma ya msururu wa malori, huku taa zote zinawaka na injini inazunguka polepole. Hitilafu hiyo haihitaji fundi. Inahitaji swichi ya kuzima taa za ziada katika mwendo wa kinyonga.

Iwapo kipimo kimeonyesha kuwa mfumo wenyewe hauchaji, anza na plagi ya regulata kabla ya kununua chochote. Ifungue uitazame: plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia au kuyeyuka ni ushahidi wa kiungo chenye ukinzani, na kukisafisha au kukibadilisha mara nyingine humaliza tatizo zima. Halafu pima koili. Katika pikipiki nyingi za umeme wa awamu tatu, nyaya tatu za rangi moja, mara nyingi njano au nyeupe, hutoka kwenye koili. Zikiwa zimechomolewa kwenye regulata, pima ukinzani kati ya kila jozi: vipimo vitatu vinapaswa kulingana, kwa kawaida chini ya omu 1 au karibu yake. Kisha pima kati ya kila waya na mwili wa injini, ambapo hapatakiwi kuwa na muunganiko wowote. Mwisho, injini ikizunguka, pima volti za umeme wa kubadilika (AC) kati ya kila jozi. Zinapaswa kupanda kwa pamoja kadiri unavyovuta ekseleta. Jozi moja ikibaki nyuma, koili imeungua. Zote tatu zikilingana na kupanda vizuri, mshukiwa ni regulata.

Taa za ziada zinafifia, zinapepesa, au zinaungua mapema

Washa taa, kisha pima volti kwenye betri na kwenye plagi ya taa yenyewe. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayopotea njiani, na ikizidi nusu volti kuna kazi ya kufanya. Mfano wa hesabu utasaidia. Waya wa shaba wenye unene wa milimita ya mraba 0.5 una ukinzani wa takribani omu 0.035 kwa kila mita. Ukitoka betri hadi mbele na kurudi ni kama mita 4, kwa hiyo omu 0.14. Taa mbili za halojeni zinazovuta ampea 9 zitapoteza volti 1.26 ndani ya waya huo, na zaidi ya wati 11 zitageuka joto ndani ya ganda la plastiki chini ya tangi la mafuta. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5, upotevu huo ni robo ya volti tu. Kwa jozi ya LED ya jumla ya wati 40, inayovuta ampea 3.3 hivi, waya wa milimita ya mraba 1 unatosha kabisa.

Ikiwa waya ni mnene wa kutosha na bado volti zinapotea, gawanya njia katika nusu mbili. Pima kutoka nguzo chanya ya betri hadi mguu chanya wa taa, taa ikiwa imewashwa, kisha kutoka mguu hasi wa taa hadi nguzo hasi ya betri. Upande wenye volti nyingi ndio wenye ugonjwa, na katika pikipiki zilizofungiwa vifaa kwa haraka upande huo huwa ni erthi. Fundi ameufunga waya kwenye boliti yoyote iliyo karibu, na chini ya boliti hiyo pana rangi ya kiwandani, au fremu ndogo ya taa iliyoshikwa na mpira. Erthi ya kifaa cha mzigo mkubwa ipelekwe hadi kwenye nguzo hasi ya betri, au kwenye boliti ya fremu iliyokwanguliwa rangi, ikakazwa, kisha ikapakwa grisi dhidi ya kutu. Pwani, kwa chumvi iliyomo hewani, grisi hiyo haiepukiki.

Kuna hali moja ya kupepesa ambayo waya mnene hautaiponya. Katika pikipiki nyingi ndogo za miaka iliyopita, taa kubwa haipati umeme wa betri. Inapata umeme wa kubadilika moja kwa moja kutoka kwenye koili, na ndiyo maana mwanga wake huongezeka ukivuta ekseleta. Balbu ya kawaida haijali aina ya umeme, lakini balbu nyingi za LED zilizotengenezwa kwa ajili ya betri zitapepesa kwenye laini hiyo, na hazidumu. Pima volti za umeme wa mkondo mmoja (DC) kwenye plagi ya taa kubwa huku injini ikizunguka. Usipopata kipimo cha maana, na ukakipata unapohamisha multimita kwenye umeme wa kubadilika, basi pikipiki yako ni ya aina hiyo. Ama ununue LED iliyoandikwa kuwa inakubali umeme wa aina zote mbili, ama umpe fundi anayeelewa koili kazi ya kuubadilisha mfumo mzima.

Fyuzi inakatika

Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo ukubwa wake hufuata kile ambacho waya unaweza kubeba bila kupata moto, ikiwa juu kidogo ya mahitaji ya kifaa. Kwa LED za wati 40 fyuzi ya ampea 5 inafaa. Ikikatika papo hapo unapowasha, kuna shoti: ganda la waya limechubuka mahali fulani na shaba inagusa fremu. Ikikatika baada ya dakika kadhaa, ama mzigo umezidi ama kiota cha fyuzi kina kutu na kinapata joto. Ikikatika kwenye mashimo tu, waya unaguswa na fremu kila pikipiki inaporuka, na utaukuta chini ya kiti, penye kona ya tangi, au mahali ambapo kamba ya plastiki imekazwa hadi ikakata ganda.

Fyuzi ya kila kifaa ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 20 hivi, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote. Desturi ya kuizungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kuweka uzi wa waya mahali pake, imechoma pikipiki, na juu ya waya huo kuna tangi la petroli. Beba fyuzi za akiba. Ni nyepesi na bei yake ni ndogo.

Injini inazimika au mizunguko inapanda usukani unapogeuzwa

Hii ndiyo dalili ya kushughulikiwa siku hiyohiyo, hata kama hutokea mara moja moja. Simamisha pikipiki, iache iungurume, kisha geuza usukani taratibu hadi mwisho kushoto na kulia. Ikizimika, waya wa swichi ya ufunguo au wa swichi ya kuzimia injini unavutwa penye shingo ya fremu, mara nyingi kwa sababu nyaya za vifaa vipya zimefungwa pamoja nao kwa kamba za plastiki na kuunyima nafasi ya kujikunja. Shaba hukatika ndani ya ganda lililo zima, kwa hiyo macho hayatoshi. Pinda waya kwa vidole injini ikiwa inaunguruma, na mahali ilipokatika patajulikana.

Mizunguko ikipanda yenyewe, hatari ni kubwa zaidi. Kebo ya ekseleta inavutwa na kifaa kilichofungwa kwenye usukani, na katika kona ya polepole pikipiki itaruka mbele bila kuombwa. Kagua pia mkono wa kulia wenye joto: waya wake huzunguka pamoja na ekseleta, na usipoachiwa mkunjo wa kutosha, au gundi ikivuja hadi kwenye bomba la usukani, ekseleta haitarudi inapoachiwa. Ifungue hadi mwisho na kuiachia usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia. Katika nafasi zote tatu ijirudishe yenyewe kwa mlio mkavu. Isipojirudisha, pikipiki isitembee.

Simu haijai, inazimika, au kamera yake imepoteza uthabiti

Skrini ikiwa kwenye mwanga wa juu na ramani inafanya kazi, kichaji cha ampea 1 hakitoshi. Asilimia ya betri itaendelea kushuka ingawa alama ya kuchaji inaonekana. Tafuta kinachotoa ampea 2 au zaidi kwa volti 5, na ujaribu kebo nyingine kabla ya kukilaumu, maana kebo ndefu na nyembamba hupoteza umeme ule ule unaoutafuta. Simu ikikataa kabisa kuchaji baada ya mvua, tundu lake lina unyevu na inajilinda. Lipe muda likauke kwa hewa. Ikiacha kuchaji mchana wa jua kali, chanzo ni joto. Apple, kwa mfano, inaelekeza iPhone itumike katika joto la hewa lisilozidi nyuzi 35, na simu nyeusi iliyolala juani kwenye usukani huko Mombasa hupita kiwango hicho mapema. Kuchaji bila waya huongeza joto juu ya joto, kwa hiyo katika safari za pwani waya ni bora.

Kuhusu kamera, mwaka 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini zenye nguvu za pikipiki, unaopita kwenye usukani, unaweza kuharibu mfumo wa kutuliza picha na wa kulenga wa iPhone. Picha zikianza kutetemeka au kamera ikishindwa kulenga, uharibifu kwa kawaida hautengenezeki barabarani. Kabla haijafika huko, weka kishikilio chenye mpira wa kumeza mtetemo, au tumia simu ya zamani kwa ramani.

Indiketa zinawaka kwa kasi isiyo ya kawaida

Balbu za wati 10 zilipobadilishwa na LED za wati 1 au 2, flasha ya zamani, yaani kifaa kinachoziwasha na kuzizima indiketa, iliona mzigo umepungua na ikachukulia kwamba balbu imeungua. Badilisha flasha kwa ile ya LED. Vipinga vinavyouzwa kama mbadala hufanya kazi, ila hupata joto kali na hurudisha mzigo uleule uliokusudia kuupunguza. Zikiwaka zote nne unapowasha upande mmoja, sababu ni taa moja ya dashibodi iliyoungwa kati ya kushoto na kulia: mkondo mdogo unaopita ndani yake haukutosha kuwasha balbu za zamani, lakini unaziwasha LED. Daiodi mbili, vipande vinavyoruhusu mkondo upite upande mmoja tu, na erthi mpya ya taa hiyo humaliza jambo.

Dashibodi inaonyesha maonyo, au tundu la umeme linajizima

Pikipiki zenye mtandao wa ndani wa CAN, kama BMW R 1200 GS iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, husimamia saketi zake kwa kompyuta badala ya fyuzi za kawaida. Ukidandia waya wa taa, kompyuta huona mkondo usiotarajiwa, hutangaza kuwa balbu ina kasoro, au hukata umeme wa laini hiyo. Tundu la umeme linalojizima dakika chache baada ya injini kuzimwa halijaharibika. Limeamriwa hivyo ili kuilinda betri. Vilevile, pampu ya kujazia tairi inayozimika kila ikianza imezidi kikomo cha tundu, na iungwe kwenye betri moja kwa moja kwa waya wenye fyuzi. Katika pikipiki hizi usikate wala usitoboe waya wowote wa asili. Vifaa vipya vipate njia yao kutoka betri, kupitia kisanduku kidogo cha fyuzi.

Kelele kwenye kifaa cha mawasiliano cha kofia, au ramani inayopoteza setilaiti, hutoka kwa kawaida kwenye vichaji na taa za LED za bei ya chini. Zima kimoja kimoja hadi kelele ikome, kisha usogeze kifaa hicho mbali na antena au ukibadilishe.

Pikipiki inayumba kwa kasi, na keria inapata nyufa

Usukani ukianza kucheza kwenye kilomita 80 au 100 kwa saa baada ya kufunga boksi la nyuma, usiukaze kwa mikono wala usifunge breki ghafla. Achia ekseleta polepole hadi utulie. Kisha simama, toa boksi, na ujaribu kwa uangalifu barabara ileile bila lenyewe. Mtikisiko ukiisha, uzito ulio nyuma ya ekseli ya nyuma unalipunguzia tairi la mbele mgandamizo. Vitu vizito, kama zana, maji na vipuri, vihamie mbele na chini iwezekanavyo, na masanduku ya pembeni yalingane kwa mizani. Heshimu kikomo kilichoandikwa ndani ya kifuniko cha boksi. Kwa mengi hakizidi kilo 10, na keria inaweza kuwa na kikomo kidogo zaidi. Mtikisiko ukibaki hata bila boksi, kagua upepo wa matairi, kisha beringi za shingo ya usukani, kisha kioo cha upepo, hasa kile kirefu kinachoshikwa na usukani wenyewe. Ongeza pia ukazo wa springi ya nyuma kwa ajili ya mzigo, na baada ya hapo urekebishe taa kubwa, maana mkia ulioshuka huielekeza kwenye macho ya wanaokuja.

Nyufa za keria huanzia kwenye kona za lehemu na kwenye matundu ya boliti. Katika barabara ya mawe kuelekea Ziwa Turkana, kila boliti iliyofungwa bila gundi ya kuzuia boliti kulegea ina nafasi ya kulegea, na boliti moja ikilegea, zilizobaki hubeba mzigo wake mpaka chuma kipasuke. Piga mstari wa rangi unaoanzia kwenye kichwa cha kila boliti hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Mistari isipokutana tena, boliti imezunguka. Ukilazimika kulehemu keria njiani, chomoa kwanza nyaya zote mbili za betri pamoja na plagi ya kompyuta ya injini, na umwombe fundi afunge erthi ya mashine yake karibu kabisa na mahali anapolehemu, ili mkondo usipite kwenye beringi na nyaya za pikipiki.